Tunawaaga kwa Sherehe, Lakini Hatuwaambii Habari ya Giza

Mwezi wa Desemba hapa Kiboko ni mwezi wa neema, iwapo mvua ya vuli imekuja kwa wakati wake. Wakamba huiita mvua hiyo kwa jina la mchwa, kwa kuwa wadudu hao huruka makundi kwa makundi ardhi inapolowa, nayo ndiyo mvua ambayo mkulima wa Ukambani huitegemea kuliko ile ya masika. Mahindi husimama, kunde hutambaa, migunga iliyo kando ya chemchemi hurudisha majani yake, na jua ambalo mwezi wa Oktoba lilikuwa adui wa kila kiumbe hugeuka kuwa rafiki. Ilikuwa katika majira kama hayo, Desemba 2023, nilipokuwa nikipalilia ndengu nyuma ya nyumba yangu, ambapo mama mmoja wa kijiji chetu alinijia akiwa amefunga leso kiunoni kama mtu anayekwenda matangani.

"Mwalimu," akaniambia hata kabla hajaketi, "mtoto wangu amenyamaza."

Mtoto huyo alikuwa mwanafunzi wangu kwa miaka minne. Alikuwa kijana mchangamfu, mwepesi wa hesabu, na mwimbaji wa sauti ya tatu katika kwaya ya shule. Alipopata nafasi ya kusoma katika chuo kikuu kimoja huko Ufini, kijiji kizima kilisimama. Harambee ilifanywa, mbuzi waliuzwa, na mjomba wake aliuza kipande cha shamba kilichopakana na barabara kuu ya Mombasa, kati ya Emali na Makindu, mahali ambapo ardhi si ya kuuzwa ovyo. Mwezi wa Agosti tulimsindikiza hadi uwanja wa ndege kwa nyimbo. Majuma ya kwanza alituma picha za miti yenye majani ya rangi ya dhahabu. Novemba picha zikapungua. Ilipofika Desemba mama yake alikuwa akipokea maneno mawili tu baada ya siku kadhaa: "Niko sawa." Kisha hata hayo yakakoma.

Kijijini kila mtu alikuwa na tafsiri yake. Wapo waliosema kwamba kijana ameonja fedha na kiburi kimempanda kichwani. Wengine walisema amepata mwanamke wa Kizungu. Mjomba aliyeuza shamba alisema waziwazi kwamba kijana amerogwa na watu walioona wivu siku ya harambee, akataka afanyiwe mambo ambayo sitayaandika hapa.

"Wewe uliishi huko," yule mama akaniambia. "Huko kuna nini?"

Nilijua kilichoko huko. Jambo linalonitia haya ni kwamba nilikijua hata siku ile ya kumuaga, niliposimama mbele ya umati nikiwa mimi ndiye niliyeombwa kutoa nasaha. Nilinena juu ya bidii, juu ya koti zito, juu ya kutosahau nyumbani. Sikutamka hata neno moja juu ya giza.

Mimi mwenyewe nilikwenda Aberdeen, kaskazini-mashariki mwa Scotland, mnamo Septemba 2011, kwa masomo ya mwaka mmoja. Aberdeen ni mji uliojengwa kwa mawe ya itale ya rangi ya kijivu, mawe ambayo jua likiyapiga humetameta kama yaliyonyunyiziwa chumvi. Tatizo ni hilo neno "likiyapiga". Mji huo uko kwenye latitudo ya nyuzi 57 kaskazini, kando ya Bahari ya Kaskazini, na ifikapo tarehe 21 Desemba jua huchomoza karibu saa tatu kasorobo ya asubuhi na kuzama yapata saa tisa na nusu ya alasiri. Hata katikati ya mchana halipandi angani zaidi ya nyuzi kumi hivi, basi huambaa juu ya mapaa ya nyumba kama mgeni anayechungulia tu bila nia ya kuingia.

Naomba msomaji, hasa aliye mwalimu wa Kiswahili, atafakari jambo hili. Saa yetu sisi imejengwa juu ya jua. Tunaposema saa moja ya asubuhi tunamaanisha kwamba saa moja imepita tangu kupambazuke, na tunaposema saa kumi na mbili jioni tunajua kwamba kuku wanapanda kitalani. Hapa Kiboko, nyuzi mbili na ushei kusini mwa Ikweta, hesabu hiyo haidanganyi: tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mchana mfupi kabisa wa mwaka mzima ni kama robo saa tu. Kule Aberdeen mchana wa Desemba haufiki saa saba, na ule wa Juni hukaribia saa kumi na nane. Nilijaribu kuendelea kuhesabu saa kwa Kiswahili kichwani mwangu, nikajikuta nasema "saa mbili za asubuhi" huku nyota zikiwa zingali juu. Ulimi wangu wenyewe ukawa unasema uongo.

Mambo yalianza mwishoni mwa Oktoba, pole pole, hata sikuyatambua. Nilianza kulala usingizi mrefu, saa kumi, saa kumi na moja, na nikiamka nilikuwa mchovu kama mtu aliyeshinda machimboni. Nikapata uchu wa wanga: mkate, viazi, ugali uliobaki, hata usiku wa manane, mpaka suruali nilizotoka nazo nyumbani zikanikataa. Kisha kusoma kukanishinda. Ukurasa mmoja niliurudia mara tano na kila mara ulikuwa mpya. Mke wangu alipopiga simu niliitazama ikilia hadi ikanyamaza, nami nilimpenda na nilitamani kusikia sauti yake. Siku moja mnamo Desemba nilifika mlangoni pa maktaba, nikashika kitasa, nikashindwa kusukuma mlango. Haukuwa umefungwa. Nilisimama pale kwa dakika kadhaa kisha nikarudi chumbani kulala. Nilipewa onyo kwa kukosa kuwasilisha kazi yangu, na mwalimu mmoja aliandika kwamba nilionekana kukosa ari. Hakukosea kuhusu alichokiona, ila hakuuliza.

Mimi nilijiambia kwamba ni uvivu. Baadaye nikajiambia kwamba ni dhambi. Nakiri kwamba kwa usiku mmoja au mbili hata mawazo ya kurogwa yalinipitia, mimi mwenye shahada ya ualimu.

Aliyeniokoa ni mama mwenye nyumba niliyopanga, mtu wa maneno machache na makali. Alinikuta jikoni saa sita mchana nikiwa ningali na nguo za kulalia. Akauliza ni lini nilipoona jua mara ya mwisho. Sikuwa na jibu. Akanifungulia mlango wa nyuma akaniambia nitoke nizunguke bustani ya umma hadi saa saba, mvua au si mvua, na kwamba kesho yake angenipeleka mwenyewe kwa daktari. Kesho yake alinipeleka kweli.

Daktari alinieleza kwamba hali yangu ina jina katika vitabu vya tiba: ni msongo mzito wa huzuni unaofuata majira, unaomshika mtu nuru ya mwaka inapopungua na kumwachia nuru inaporejea. Mtu aliyeueleza rasmi, mnamo 1984, pamoja na wenzake katika Taasisi ya Kitaifa ya Afya ya Akili ya Marekani, ni daktari Norman Rosenthal. Huyu alizaliwa Johannesburg. Sioni kuwa ni ajabu kwamba mtoto wa nchi ya jua ndiye aliyeshtuka na kulitafutia jina jambo ambalo wenyeji wengi walikuwa wamelizoea kama walivyozoea mafua.

Kwa wanafunzi wa biolojia, mambo ni hivi. Jicho halikuumbwa kwa ajili ya kuona tu. Mnamo 2002 wanasayansi walibainisha kwamba ndani ya retina zimo chembe maalumu ambazo kazi yake kubwa ni kupima wingi wa nuru na kupeleka habari kwenye kifundo kidogo cha ubongo, kilicho juu ya mahali mishipa ya macho inapopishana. Kifundo hicho ndicho saa ya mwili. Huamuru tezi ya pineali itoe homoni ya melatonini giza likiingia na iache kunapopambazuka. Nuru ya asubuhi ikikosekana, saa hiyo huchelewa: mwili wa mtu unakuwa darasani lakini ndani yake bado ni usiku. Kemikali nyingine za ubongo zinazohusika na furaha na hamu nazo hubadilika. Wingi wa nuru hupimwa kwa luksi. Chumba chenye taa nzuri ya umeme hutoa luksi mia chache. Nje, hata siku ya mawingu, huwa ni maelfu, na adhuhuri ya Kiboko isiyo na wingu hufikia luksi 100,000. Kwa hiyo mchungaji wa mbuzi aliyeketi kivulini huku kwetu hupata bure, siku nzima, dawa ambayo tajiri wa kaskazini huinunua dukani.

Nasema dawa kwa maana halisi. Tiba ya kwanza niliyopewa ilikuwa taa, sanduku bapa linalotoa luksi 10,000, ambalo mgonjwa huketi mbele yake kwa nusu saa kila asubuhi huku akinywa chai au kusoma, bila kuikodolea macho. Tiba ya pili ilikuwa mazungumzo na mshauri aliyenifundisha kuyahoji mawazo yangu yale ya "mimi ni mvivu, mimi nimelaaniwa" na kupanga kila siku jambo moja la kunitoa nje. Wapo wanaohitaji vidonge, na hilo ni la daktari kuamua. Ni vema pia ijulikane kwamba taa hiyo si mchezo: mwenye maradhi fulani ya macho, au mwenye ugonjwa wa hisia zinazopanda kupita kiasi na kushuka kupita kiasi, asiitumie kabla ya kumwona daktari. Ama kuhusu vitamini D, ambayo ngozi nyeusi huitengeneza polepole zaidi penye jua dhaifu, serikali ya Uingereza huwashauri watu wote wafikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku wakati wa baridi, na watu weusi mwaka mzima. Hiyo ni kwa ajili ya mifupa na misuli. Asidhani mtu kwamba kidonge hicho peke yake kitamwondolea huzuni.

Najua baadhi ya wasomaji wanaguna. Nimesikia mara nyingi, hata katika ofisi za walimu, kwamba huzuni ya namna hii ni ugonjwa wa Wazungu na kwamba Mwafrika aliyekula muthokoi hawezi kuangushwa na wingu. Ningependa kuwakumbusha watu wa Aisilandi. Mwaka 1993 watafiti wa huko walichapisha matokeo yaliyowashangaza wengi: Waaisilandi, wanaoishi karibu kabisa na duara la Aktiki, waliugua huzuni ya majira kwa kiwango cha chini kuliko Wamarekani wa pwani ya mashariki ambao wana jua jingi zaidi. Wapo waliosema ni damu yao, wapo waliosema ni samaki. Mimi nasoma humo jambo moja ambalo nadhani halina ubishi: giza pekee halitoshi kueleza yote, na aliyezaliwa mahali fulani ana mengi ambayo mgeni hana. Huko Rjukan, mji wa Norwe uliofichwa na milima usipate jua kwa muda wa nusu mwaka, wenyeji waliweka vioo vikubwa mlimani mnamo 2013 ili kuurusha mwanga kwenye uwanja wa mji. Wamejipanga kwa ajili ya giza kama sisi tunavyojipanga kwa ajili ya ukame. Anayeangushwa ni yule asiyeambiwa.

Nimetaja ukame, na siwezi kuupita. Yeyote aliyefundisha hapa kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, majira matano ya mvua yalipokosa kuja moja baada ya jingine, anajua kwamba hata penye jua tele mna majira ya kuinama kwa moyo. Watoto walilala juu ya madawati, na si kwa njaa tu. Baba wa watoto waliketi chini ya mti tangu asubuhi hadi jioni wakiitazama barabara na malori yake. Wazee wetu waliipa jina njaa ya mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakaiita Nikwa Ngwete, yaani nafa huku nimeshika, kwa maana fedha ilikuwapo mkononi na chakula hakikuwapo cha kununua. Watu walioweza kuipa njaa jina la namna hiyo hawakuwa wageni wa huzuni. Tulichopungukiwa sisi, wajukuu wao, ni ruhusa ya kuitaja huzuni inapomshika mtu mmoja badala ya kijiji kizima. Hata sheria yetu ilikuwa hivyo hivyo: hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kinakwenda kinyume na Katiba, mtu aliyekata tamaa akajaribu kujiua na akanusurika alikuwa akihesabiwa mhalifu.

Basi nirudi kwa yule mama. Tuliketi chini ya mwembe, nikampigia kijana simu saa nne ya asubuhi, ambayo kwao ilikuwa saa tatu. Hakupokea. Nikapiga tena, na mara ya tatu akapokea. Sauti ilikuwa ya mtu aliye kisimani.

"Mwalimu," akasema, kisha akanyamaza.

Nikamuuliza kama kumepambazuka. Akasema bado. Nikamuuliza ni lini alipokwenda darasani mara ya mwisho. Akasema hakumbuki vizuri, labda majuma mawili. Hapo nikamsimulia habari ya mlango wa maktaba. Sikuwa nimemsimulia mtu yeyote hapa nyumbani, hata mke wangu hakuijua yote. Nilisimulia kwa Kiswahili, na mama yake, ambaye husema zaidi Kikamba, alikuwa akinitazama usoni bila kupepesa. Nilipomaliza nilisikia kijana akilia, kilio cha mtu aliyevuta pumzi baada ya kuzama. Akasema, "Nilidhani ni mimi peke yangu. Watu waliuza mashamba, Mwalimu. Ningewaambia nini?"

Swali hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Harambee yetu, ambayo ni jambo jema, ilikuwa imemfunga mdomo. Kila mbuzi aliyeuzwa alikuwa sababu nyingine ya kuandika "Niko sawa".

Wiki hiyo hiyo alikwenda katika huduma ya afya ya wanafunzi. Hakupona kwa siku moja. Muhula ule aliupoteza, na fedha zake zikapotea, na mjomba hajafurahi hadi leo. Lakini mwenzake wa darasani alimwazima taa, akaanza kutoka nje kila adhuhuri, na mwishoni mwa Februari alimtumia mama yake picha ya meza yenye mstari wa jua juu yake, bila maneno yoyote. Mama alinionyesha picha hiyo sokoni kama watu wanavyoonyesha picha ya mtoto mchanga.

Vijana wetu watazidi kwenda. Tangu Kenya na Uingereza zilipotia saini makubaliano ya ajira ya wahudumu wa afya mnamo Julai 2021, hata wauguzi wanajiandaa kwa safari, na kila shule ya upili ina mwanafunzi anayeota Kanada au Ujerumani. Siandiki ili wasiende. Nataka tu siku ya kuwaaga, baada ya sala na kabla ya picha, mwalimu mmoja asimame awaambie saa ya kuchomoza jua huko waendako. Awaambie kwamba usingizi usiokwisha, uchu wa mkate na kukosa hamu ya kupokea simu ya mama si kiburi wala uchawi, na kwamba daktari wa chuo yupo kwa ajili hiyo. Na wazazi waambiwe kwamba "Niko sawa" ya maneno mawili, mwezi wa Desemba, inafaa kujibiwa kwa simu, tena kwa kurudia mara tatu.

Mimi nimeanza kwa njia yangu ndogo. Katika somo la jiografia, tunapofika kwenye mzunguko wa dunia, huwapa wanafunzi miji mitatu, Kiboko, Aberdeen na Helsinki, wakokotoe urefu wa mchana wa tarehe 21 Desemba. Wakiona kwamba Helsinki haifiki saa sita, darasa hunyamaza. Muhula uliopita msichana mmoja wa dawati la nyuma aliinua mkono akauliza, kwa dhati kabisa, jogoo wa huko huwika saa ngapi. Darasa lilicheka. Mimi nilijaribu kujibu, nikaona kwamba katika mwaka wangu mzima wa Aberdeen sikuwahi kusikia jogoo hata mmoja. Nilimwahidi kwamba nitampigia simu kijana wetu wa Ufini nimuulize.